Helmeti ya Kwenda Kanisani

Kiritiri,
Jumatano jioni

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Natumaini magoti yako yametulia na ng'ombe amezaa salama. Mimi ni mzima, na nikisema mzima namaanisha miguu yote miwili. Najua habari ya ajali ilifika huko Kaaga ikisema mguu umekatwa. Sijapiga simu kwa sababu ukisikia sauti yangu unaanza kulia, halafu unampa simu shangazi Karimi, naye analia zaidi. Kwa hivyo soma mwenyewe, polepole. Usimpe Mutwiri akusomee, maana kuna sehemu zinazomhusu na kaka yangu huyo ataziruka.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa natoka shuleni na pikipiki yangu, ile uliyokataa hata kuiona kwenye picha. Malori ya mchanga hupita hapa kutwa, na kwenye kona ya kuteremkia sokoni lori moja lilikuwa limemwaga mchanga barabarani. Sikuwa na kasi. Gurudumu la mbele likateleza, pikipiki ikalala, nami nikaenda nayo. Kichwa kikagonga lami, nikasikia mlio ndani ya helmeti kama sufuria imeanguka.

Muuza makaa mmoja alisimamisha pikipiki yake akaja mbio.

"Madam, usiamke haraka. Kaa tu hapo. Kichwa inauma?"

Nikamwambia kinachouma ni goti. Glavu ya kushoto ilikuwa imesagika kiganjani, lakini ngozi yangu haikuguswa. Jaketi lilichanika kiwikoni. Walimu wenzangu hunicheka nikilivaa kwenye jua hili, eti naenda vitani; siku hizi hawacheki tena. Kwenye zahanati walinifunga goti na kunipa dawa ya maumivu, basi.

Yule muuza makaa aliigeuzageuza helmeti yangu, akaona ufa uliokuwa juu ya sikio. Yake ilikuwa inaning'inia kwenye usukani.

"Mimi hii yangu nabebanga tu sababu ya polisi," akasema. Akaichukua, akaivaa, akaenda zake.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Umetuma ujumbe kwamba niuze pikipiki au nisikuite mama. Nimekusikia. Lakini nikiwa bado nimekaa pale barabarani sikuwa najifikiria mimi. Nilikuwa nakuona wewe Jumapili asubuhi, umekaa upande kwenye pikipiki ya Mutwiri, nyuma yake, Biblia mkononi, kichwani huna kitu ila kile kitambaa cheupe cha chama cha akina mama, ulichokipiga wanga hadi kikasimama. Mutwiri akikwambia uvae helmeti unasema itakikunja, naye anawasha injini kwa sababu anakuogopa. Niliogopa, Mama. Hata goti nililisahau.

Helmeti ikishagonga haifai tena, hata ikionekana nzima, kwa hivyo ilinibidi ninunue nyingine. Nilinunua mbili. Yako ndiyo iliyobeba barua hii ndani yake. Nilimvalisha kwanza mwalimu mwenzangu mwenye kichwa kikubwa kama chako, usikasirike. Kitambaa kitie kwenye mfuko, ukifunge ukifika langoni mwa kanisa. Mama Kinoti jirani atakushikia kioo. Na usikae upande tena. Vaa suruali ndani ya sketi, ninavyofanya mimi.

Kuhusu kuuza pikipiki, nitaiuza siku utakayoanza kwenda kanisani kwa miguu.

Nisalimie Mutwiri, dereva wako, na umwambie asiwashe injini kabla hujafunga mkanda wa kidevuni. Nisalimie shangazi Karimi, mwambie mguu umeota tena. Mama Kinoti pia, kwa kazi ninayompa.

Tangu Baba atutoke, unasema kila mara kwamba umebaki na sisi wawili tu. Sisi tumebaki na wewe mmoja.

Ni mimi bintiyo,
Kendi