Ulichoniuliza Mlangoni mwa Kliniki

Mpendwa mama,

Sijatulia. Nimekaa chini ya ngazi hapa chuo cha uuguzi Busia, nikasimama, nikazunguka darasa mara tatu, nikarudi palepale. Jumatatu narudia mtihani niliofeli, na nikifeli tena narudia mwaka mzima. Daftari limejaa, mama. Kichwa ni kitupu.

Ungeniona darasani ungecheka. Mwalimu akikohoa, karibu niandike. Akisema "haya, tusonge mbele," naandika "haya, tusonge mbele." Mkono unakimbia, masikio yanabaki nyuma.

Unakumbuka Jumapili zetu kule nyumbani Bukhayo? Ukitoka kanisani, hata viatu hujavua, ulienda kukaa kitandani kwa kukhu, nyanya yangu, ambaye miguu ilikuwa imemkataa. Mahubiri ya saa nzima ulimpa kwa dakika chache. Siku moja nikajitia mjuaji, nikaenda na daftari, nikaandika yote, nikamsomea. Kukhu alilala kabla ya ukurasa wa pili. Ulicheka hadi ukashika mbavu.

"Sasa wewe ulienda kanisa kuandika ama kusikia?" ukaniuliza. "Mimi nawaza tu, kukhu ataniuliza nini? Hiyo ndio nabeba."

Nilinuna. Niliona ni maneno ya mtu ambaye hakufika sekondari. Nisamehe.

Halafu siku ile ya kliniki. Daktari alieleza presha yako, nami nikaandika kila neno, kichwa chini. Tulipofika mlangoni ukanishika mkono. "Amesema aje?"

"Ngoja tufike nyumbani nikusomee."

Ulikuwa unaogopa, na mimi sikukutazama hata mara moja. Tangu tukuzike, hilo ndilo linalonichoma.

Leo nimefunga daftari. Wiki iliyopita mwalimu alifundisha presha, basi nikajifanya umekaa kando yangu na viatu vyako vya Jumapili, unauliza. Nikakueleza kwa sauti, kwa maneno ya nyumbani: kwa nini daktari alikukataza chumvi, na kwa nini dawa hairukwi hata siku unayojisikia mzima. Msichana aliyekuwa akipita alinitazama mara mbili. Nikaendelea. Nilipokwama niliandika swali, basi. Ikawa mistari sita tu, na yote naielewa.

Bado naiogopa Jumatatu. Lakini daktari amesema hivyo, mama. Pole, nimechelewa kukujibu.

Kitindamimba wako