Mlango wa Nyumba ya Usoke

Kambi ya Miwa, Kilombero
3 Juni 2024

Mwanangu Julieth,
Salamu nyingi. Mimi mzima, mgongo tu ndio unalalamika. Magoti ya mama yako yanaendeleaje? Ile rangi niliyotuma pakeni kuta zote. Mlango na madirisha pakeni kijani. Wakwe zako wakija na mahari wakute nyumba, si banda.
Baba yako, Adriano

Usoke, 15 Juni

Baba, shikamoo.
Mama hajambo, sasa anafika kanisani bila fimbo. Rangi tumepaka. Iko kati ya pera na papai, halafu kama mtu kaipaka vumbi. Jirani Kuluthumu anauliza nani kaichagua. Kijani tulijaribu dirisha moja, akacheka: "Mmefungua ofisi ya chama?" Tumekifuta. Wageni wanakuja tarehe 20 Julai. Wewe unafika lini?
Binti yako

Kilombero, 26 Juni

Julieth, marahaba.
Hapa wazima, masizi ya miwa inayochomwa yametujaa masikioni. Mwambie Kuluthumu nimechagua mimi. Nilimwambia muuzaji aichanganye ifanane na vumbi la Usoke, likitua ukutani lisionekane. Sasa mjinga nani? Mlango pakeni nyeupe.
Baba

Usoke, 5 Julai

Baba, shikamoo.
Tu wazima, ila mimi nimechoka. Nyeupe, Usoke? Hadi jioni mlango ulikuwa umefanana na ukuta! Nakuuliza siku ya kufika, unanijibu rangi. Madirisha nimepaka rangi ya maziwa, yamependeza, sikuulizi. Baba mdogo Nestory anasema usipokuja atakaa kwenye kiti chako apokee mahari. Na mlango ataupaka mweusi. Kopo keshanunua.
Mwanao

Kilombero, 12 Julai

Julieth,
Shikamoo yako nitaiitikia nikifika. Mweusi! Kwa ukuta ule, mlango mweusi ni pengo la jino. Nestory asiguse mlango wala kiti. Sikukujibu kwa sababu msimamizi ananizungusha, ruhusa leo, ruhusa kesho. Leo nimemrudishia panga lake. Kama kazi imekwisha, imekwisha. Napanda treni Morogoro, nitafika kabla ya wageni.
Tafuta kahawia, ile ya jani la tumbaku likitoka kukaushwa. Usipake. Niachie brashi. Na chai yangu msitie sukari, nimeikata ya kutosha.
Baba yako, mwenye nyumba