Kwao Wameshapewa Habari?

Baba,

Korosho zimeanza kudondoka. Mwaka huu mikorosho niliipulizia salfa mwenyewe, nimejifunga kitambaa puani, macho yananiwasha mpaka usiku. Ungecheka, maana ulikuwa ukisema shamba mimi nalijua kwenye picha tu. Dada Zuhura amehamia nyumbani na wanawe kumsaidia Mama. Yule beberu wako mkorofi tulimchinja kwenye arobaini yako. Na banda langu la gemu kule Ruangwa nimelifunga, na hilo ndilo linalonifanya nikuandikie. Hapana, naanza uongo tena. Linalonifanya nikuandikie ni jingine, nitafika huko.

Ulikuja bandani mara moja tu, siku uliyotoka Marambo kwenda kupima presha, ukaniletea mihogo kwenye kiroba. Ukakaa kwenye benchi katikati ya vijana wa bodaboda, nami nikataka uone mwanao ni nani. Nikaweka ule mchezo wa majambazi. Jambazi ni wewe mwenyewe: unaiona mikono yako imeshika bunduki, unavamia benki, na kila anayekatiza mbele unamlaza. Nilikuwa hodari, Baba. Walinzi wanne, polisi sijui wangapi, wote risasi za kichwa. Vijana wakashangilia. Wewe ukauliza wale waliolala wanakwenda wapi, maana kila baada ya muda hawapo. Nikakwambia wanafutika wenyewe. Ukarudia, "Wenyewe?"

Nikakupa pedi ya kuchezea. Uliishika kwa mikono miwili kama sufuria ya moto. Ukatembea, ukajigonga ukutani, ukafika kwa mlinzi mmoja niliyemlaza mlangoni, ukasimama hapo hapo, mbele huendi, nyuma hurudi. Ukauliza kwa sauti yako ileile ya nyumbani, ile unayowauliza watu wanapokuja kukuita kwenye msiba: "Huyu kwao wameshapewa habari?" Polisi wakakupiga za mgongo. Banda zima lilivunjika mbavu, na aliyecheka kuliko wote ni mimi.

Wale vijana hawakujua kwamba wewe ni mwosha maiti, kwamba Marambo na vijiji vya jirani mtu akifa mlango unaobishwa ni wako. Mimi nilijua. Neno moja tu lingetosha. Sikulisema kwa sababu niliona aibu, nikaacha wakuone mshamba. Tangu siku hiyo msemo ukashika: mtu akilazwa tu kwenye mchezo, mmoja anapaza sauti, kwao wameshapewa habari? Na mimi nilikuwa naupaza.

Halafu ukafa wewe. Presha ilikuangusha shambani, katikati ya kukata ufuta. Nilipofika walikuwa wameshazungusha turubai nyuma ya nyumba, na Baba mdogo Rashidi alikuwa anapanga watu wa kukuosha. Akasema, "Shabani aingie, ni haki yake." Nikavua shati, nikajifunga msuli, nikasogeza turubai. Nikaona mguu wako wa kushoto, na kile kidole ulichojikata na jembe. Mguu tu, Baba. Nikarudi nyuma. Nikasema nakwenda kuongeza maji.

Maji yalikuwepo, mapipa yote mawili yamejaa. Nilikwenda kisimani nikarudi, nikaenda nikarudi, ndoo kumi na mbili, mpaka niliposikia wanakuvika sanda. Watu wakanisifu. Wakasema mtoto huyu kachapa kazi. Mimi niliyelaza watu wasio na idadi, nimekaa kwenye kiti cha plastiki na soda mkononi, nilishindwa kusimama mbele ya maiti mmoja. Na maiti mwenyewe ni wewe, uliyenifundisha kwamba maji yamiminwe polepole kwa sababu aliyekufa anaumia vilevile kama wewe.

Hilo peke yake ningelimeza. Lakini jioni ya maziko Mama, akiwa chumbani ameshaanza eda, aliniita akauliza uso wako ulikuwaje wakati wa kukuosha. Nikajibu, "Alikuwa kama anatabasamu." Ikatoka laini kabisa. Mama akanishika mikono, akalia. Kuanzia hapo kila aliyekuja kutoa pole alihadithiwa kwamba Shabani alimwona baba yake anatabasamu, na mara nyingi nilikuwa nimekaa palepale, nasikia. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ndefu, na kila mgeni aliirefusha.

Nikakimbilia Ruangwa. Siku niliyofungua banda, mchezo wa kwanza tu, mlinzi akaanguka na kijana mmoja akapaza ule msemo. Hakuwa na ubaya, pengine alishasahau ulitoka kwa nani. Nikazima swichi kubwa. Wakadhani umeme umekatika, wakakaa wakisubiri urudi. Nikawaacha wasubiri. Wiki hiyo hiyo niliuza mashine zote nikarudi nyumbani.

Mama alitoka eda Ijumaa iliyopita. Nilikuwa nimejiapiza kwamba siku hiyo nitasema, na nilisema, nikiangalia chini. Hakushtuka. Akasema, "Nilijua siku ileile. Nimelala na mwosha maiti miaka thelathini, harufu ya kafuri naijua. Mikono yako ilinuka tope la kisimani." Nikamuuliza kwa nini basi aliwahadithia watu wote wale. Akasema, "Nilikuwa nasubiri uchoke."

Kisha akanituma kwa Baba mdogo nikaulize uso wako ulikuwaje hasa. Nilikwenda kwa miguu. Baba mdogo hakunisuta. Alinieleza kwamba mdomo ulikataa kufunga, wakaufunga kwa kitambaa kidevuni, na jicho moja lilibaki nusu wazi, akaliwekea kiganja mpaka likakubali. Nikarudi nikamwambia Mama hivyo hivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Alilia, Baba. Hakulia vile alivyolia jioni ile.

Nisamehe kwa kicheko cha bandani. Nisamehe kwa kukuacha mikononi mwa wenzako wakati mimi nipo hatua tatu kutoka ulipolala. Magoti ya Baba mdogo yameshachoka, na amesema maiti atakayefuata hapa Marambo ataniita tuingie wote. Nimekubali. Naogopa, siwezi kukudanganya na wewe. Nitaingia hivyo hivyo naogopa, na sitatoka mpaka tumalize.

Mungu akushike kwa mkono mpole kama uliowashika nao wengine.

Mwanao,
Shabani