Inveta ya Nyuma ya Ukuta wa Mianzi

Masukulu, Rungwe
Jumapili mchana, baada ya ibada

Dada yangu mpendwa Veronika,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye ukungu. Natumaini wewe na shemeji na watoto hamjambo, na lile jua la Dodoma halijawakausha mkatusahau sisi tunaoanika nguo wiki nzima na bado tunazivaa mbichi. Mimi ni mzima. Noah naye ni mzima leo. Nasema leo kwa sababu kifua chake unakijua. Sweta ulilomtumia limemkaa vizuri, hataki kulivua hata kwa kuoga. Ndaga fijo, asante sana, dada.

Nakuandikia kwa sababu yale uliyoniambia kwenye simu hayajibiki kwenye simu. Ulisema nikupe Noah akae kwako, huko kukavu kwenye umeme, mpaka kifua kikomae. Nikanyamaza, ukadhani mtandao umekata. Haukukata. Nilikuwa nimekaa pale dukani ninapochajia simu, nimembeba mgongoni, nasikia kifua kinavyomlia. Nilijua unasema kwa upendo. Pia nilijua ukimchukua, humu ndani nitabaki mimi na kuku.

Dada, nyumba yetu iko mwisho kabisa, baada yake ni migomba na bonde. Tangu mume wangu Hosea aende machimboni Chunya, kuna siku sauti ya mtu mzima naisikia kwenye redio tu. Nguzo za umeme zimeishia shuleni. Ile paneli ya sola na betri kubwa alivyoacha Hosea vinawasha taa na kuchaji simu, basi, na hata simu paneli ikikosa jua haijai. Sasa nesi wetu wa zahanati, dada mmoja anaitwa Lightness aliyehamishiwa huku kutoka Singida, alinihurumia akanipa mashine ya kumvutisha Noah mvuke wa dawa. Ilikuwa ya mwanawe aliyeshapona. Nikafurahi nikacheza, kisha nikaiangalia plagi nikakaa chini. Ile mashine inataka umeme kama wa ukutani, na wa betri si huo. Katikati lazima kiwepo kitu cha kuugeuza, ndiyo inveta.

Nikanunua moja mjini Tukuyu, nyepesi kama kiberiti kisichokuwa na njiti. Siku ya kwanza Noah alipobanwa nikaiunganisha, mashine ikaguna mara moja, inveta ikanyamaza na haikusema tena mpaka leo. Nilimbeba mwanangu kwa pikipiki mpaka hospitali Makandana kwenye mvua. Ndiyo siku ile uliyonisikia nalia.

Basi baba mkwe akasikia. Wewe unajua alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha chai mpaka alipostaafu. Jina lake sitaliandika, huko mjini mmeshayaacha haya lakini hapa kwetu bado. Mkwe hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, na njiani mmoja anapisha. Tangu niolewe nimeuona mgongo wake tu, ukikata kona. Akamtuma mama mkwe aje aniambie kwamba nilichonunua ni mwanasesere, na kwamba tutatengeneza inveta ambayo ikianguka itaamka yenyewe.

Nikamuuliza mama mkwe tutatengenezaje na hatuonani. Tena macho ya mzee siku hizi yana mtoto wa jicho, waya nyembamba hazioni. Mama mkwe akacheka, akasema kama haoni waya hata mkwe hamwoni, sasa tunakimbiana nini? Kisha akaziba mdomo akaangalia nyuma kama mzee amesikia.

Tukafanya hivi. Mzee anakaa nje ya jiko, upande wa pili wa ukuta wa mianzi, kwenye kigoda. Mimi nakaa ndani na vifaa. Mama mkwe anakaa mlangoni. Mzee hasemi na mimi, anasema na mkewe. Anasema, mwambie atafute miguu mitatu ya transista, kile kidude cheusi cha kuwasha na kuzima umeme upesi, mguu wa katikati ndio wa kutoa. Mimi nimeshasikia, lakini nasubiri mama mkwe aniambie, naye anaongeza ya kwake. Mara eti mzee anauliza waya nyekundu umeichomelea kwenye transfoma au kwenye mboga. Nje nasikia mzee anakohoa, najua anacheka.

Transfoma alikuwa nayo, nzito, aliitoa kwenye mashine mbovu ya ofisini kiwandani walipoitupa. Yeye aliikagua kwa vidole, akaipaka vanishi nyumbani kwake ili unyevu wa huku usiile. Mimi nilichomelea waya kwa risasi, kwa chuma nilichokipasha kwenye makaa. Mara ya kwanza nilitia madonge kama ugali wa mtoto. Mama mkwe alimpelekea mzee, mzee akayapapasa, akanirudishia na neno moja, kwamba niyeyushe upya. Niliyeyusha mpaka vidole vikajua. Dada, mimi niliyeishia darasa la saba! Kuna mchana nilijikuta naimba.

Halafu nikaharibu kila kitu. Siku hiyo nilitaka kuijaribu kabla hawajaja, niwashangaze. Nilikuwa nje uani, betri iko chini, nimeshika mkononi zile koleo mbili za waya za inveta, za kubana kwenye betri. Mara nikasikia fimbo ya mzee kwenye njia ya kisimani, amewahi, tena yuko peke yake, hakuna mama mkwe wa kuniita nipishe. Nilishikwa na hofu ya ukwe. Nikabana zile koleo upesi upesi ili mikono iwe huru, nikamnyakua Noah, nikakimbilia jikoni. Nilikuwa nimebana kinyume. Nyekundu mahali pa nyeusi. Nikasikia pu! Na harufu ile, dada, ya kitu kilichokufa. Transista zote zilipasuka.

Nililia nimejifunika kanga usoni. Mama mkwe alipofika mzee akamwambia, mwambie hata mimi kiwandani nilishaunguza, tena vikubwa, na mimi nilikuwa simkimbii mkwe. Kisha akasema kosa si la mkwe, kosa ni la mashine isiyojua iko nyumba ya nani. Tuweke fyuzi, tuweke na diodi ya kuzuia umeme usipite kinyume, na plagi inayoingia upande mmoja tu, ili hata aliye mbioni asiweze kukosea. Transista nyingine akasema tuchomoe kwenye ile ya dukani, huenda si zote zilizokufa.

Sasa ndiyo nifike kwenye jambo ambalo simu ilinishinda.

Wiki hiyohiyo, kabla hatujaanza upya, Ambindwile alirudi kutoka Chunya. Alikuwa chumba kimoja na Hosea. Alikaa kwangu, hakunywa hata chai, akaniambia Hosea ana mke kule na mtoto mchanga, na amesema nisimsubiri. Hakuniambia kwa ubaya, aliangalia miguu yake muda wote. Mimi nilimshukuru. Nikaenda kuchuma mboga. Nilichuma nyingi mno, sijui za kula nani.

Ndiyo maana nilikuwa kimya kwenye simu, dada. Ulikuwa unaniomba mtoto, na mimi nilikuwa nimeshapoteza mume jana yake. Niliporudi nyumbani nilifunga nguo za Noah kwenye mfuko. Niliwaza, ukwe umekwisha, wale wazee hawatakuja tena, watakuja kwa nani? Na mashine imeungua. Mtoto aende kwenye umeme, mimi nirudi Suma nikaombe kona kwa mjomba.

Kesho yake wakaja. Na baba mdogo wa Hosea akaja nao. Nilikuwa jikoni, nikasikia anamwambia mzee nje pale kwamba sasa haya mambo ya kujificha ya nini, huyu si mkwe tena, kijana ameshaoa kwingine. Ingia ndani mzee, mshike mkono umwonyeshe, mtamaliza leo, kuliko kupigiana kelele kupitia ukuta kama watoto. Hakusema kwa ubaya yule, alitaka kusaidia. Mimi nilisimama na bisibisi mkononi.

Nikasikia kigoda kinalia, nikajua amekaa mahali pake. Kisha akasema, aliyeondoka ni Hosea. Mkwe wangu hajaondoka. Halafu akageukia kwa mkewe na kumwambia, mwambie achomoe zile transista taratibu, asizivunje miguu.

Dada, mama mkwe hakunifikishia ujumbe siku hiyo. Alikuwa analia mlangoni. Nikachomoa bila kuambiwa.

Tumeimaliza. Imefungwa ndani ya boksi la chuma lenye miguu, maji yasiifikie, na wavu wa kuzuia mende. Transista zimekaa juu ya kipande cha sufuria nene ili zipoe. Mzee aliagiza tuiangushe sakafuni. Mimi nikakataa, mama mkwe akaiangusha kwa furaha kabisa, tukaiwasha, balbu ikawaka. Na Alhamisi jioni mvua ilipoanza Noah akabanwa. Niliwasha. Inanguruma kama nyuki kwenye debe, lakini mvuke ukatoka, akauvuta mpaka mbavu zikatulia, akalala mapajani. Wazee walikuwa hawajaondoka, na nje chini ya upenu mzee alikuwa anaulizia joto la ile sufuria. Nikagusa, ilikuwa ya kuvumilika. Mama mkwe akamjibu kabla yangu.

Kwa hiyo, dada, Noah simleti. Usinikasirikie. Sitasema upweke umeisha, ningekuwa nakudanganya. Jioni bado ni ndefu, na wakati mwingine natamani mtu wa kumtazama usoni tukiongea. Ndiyo maana nakuomba uje wewe, ukae hata siku chache. Nitakupikia ndizi na maharage, utalala upande wa ukutani kama zamani. Nguo za Noah nimezitoa kwenye mfuko.

Barua hii nimempa mwalimu Esnath anayekuja huko kwenye semina, mkaribishe chai. Wasalimie wote wa kwako mmoja mmoja. Mama mkwe anakusalimu sana, na mzee anamwambia akuambie hajambo.

Mdogo wako akupendaye,
Tusekile, Mama Noah