Yeong-su halimo kwenye jiwe

Jumanne jioni, Vällingby

Na mimi nikasema sawa. Mjinga mimi, nikasema sawa.

Fundi aliuliza jiwe la kaburi la mume wangu liandikwe jina gani. Wifi yangu Karin akanitangulia: Anders, basi. Nikataja Yeong-su. "Hakuna aliyemjua kwa jina hilo," akasema, kwa upole kabisa, nami nikanywea.

Alipewa jina hilo Korea, kwenye nyumba ya watoto yatima, kabla hajaletwa huku kulelewa na Waswidi. Maana yake maisha marefu. Alipogundua kwamba zamani lilijaa kule kama Juma kwetu, alinyong'onyea. "Walinipa lililokuwa karibu," alisema. Nikamwambia akina Juma ni wengi, lakini kila mmoja ana wa kumwita. Tangu siku hiyo nikawa namwita mimi.

Maisha marefu! Miaka hamsini na miwili.

Kesho nimpigie fundi? Karin atanuna. Na anune.

Leo nilipofungua mlango niliita, mazoea tu: Yeong-su! Nilimfundisha mwenyewe kuitikia "naam". Nikasimama pale na viatu miguuni, nasubiri.