Kwa Baba, Aliyejifunza Kula Upya

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijui kuanza na wewe kwa neno jingine.

Leo nimeikumbuka kiu yako. Wakati ule wa Mwingereza, maji ya kunywa ya kisiwa chetu cha Jibondo yaliletwa kwa mashua, na kila nyumba ilijua kiasi chake. Wewe ukawa unaumaliza mtungi kabla ya adhuhuri. Uliona haya, ukaanza kunywa kwa kujificha, huku unakonda hata shuka haikai kiunoni. Mama aliona sisimizi wamejaa pale ulipokwenda haja ndogo, akaingiwa na hofu. Lakini kilichokuvunja moyo ni macho. Fundi wa kuunda vyombo vya baharini uliyesifika, ukawa huuoni mstari uliouchora mwenyewe juu ya ubao. Siku ulipoharibu mbao kwa kukata kombo, uliweka chini tezo yako ya kuchongea, ukasema kazi yako imekwisha.

Tukavuka mpaka zahanati ya Kilindoni, wewe, mama na mimi. Tabibu alitia mkojo wako katika kichupa chenye dawa ya buluu, akakipasha moto. Buluu ikageuka kijani, ikawa njano, mwisho ikawa nyekundu kama tofali. Nilihisi mwili wako umesema mbele yetu. Akatueleza kuwa una kisukari, na kwamba kwa mtu wa umri wako huenda chakula pekee kikautuliza ugonjwa huo. Upunguze wali, muhogo na tende, na chai uinywe bila sukari.

Mama akaondoa vyote. Hukuonja hata punje ya wali. Ila kwa huruma yake alikushibisha kwa samaki waliozama katika tui zito na mafuta, akisema mafuta si matamu, yatadhuru nini. Kiu ilipungua, lakini ulirudi zahanati una kitambi, unahema kwa kutembea kidogo tu. Tabibu hakumlaumu.

"Mama, umeutoa mzigo upande mmoja ukaupakia upande wa pili," alimwambia. "Wali ale kidogo, na mafuta nayo ale kidogo. Mwili ukinenepa, sukari hurudi."

Ulicheka, baba. "Hilo nalielewa. Chombo kikilala upande hakiendi."

Tangu hapo mama alikupimia wali kwa kikombe cha kahawa. Samaki akawa wa kuchoma au wa kuchemsha, mchicha na kisamvu kwa wingi, na tui likawa la pili, lile jepesi. Alipika hivyo kwa nyumba nzima, usije ukala peke yako kama mgonjwa.

Kisha ikaja ile asubuhi uliponiita nikushikie uzi wa kupigia mstari juu ya ubao. Uliinama, ukautazama kwa muda mrefu.

"Nauona," ukasema taratibu. "Mwanangu, nauona wote."

Hukupasuliwa, hukuchomwa sindano. Kilichobadilika ni sahani yako tu, na macho yakarudi. Tulipokwenda tena Kilindoni, ile dawa ilipata ukijani kidogo, basi. Mpaka leo nastaajabu jinsi Mola alivyouumba mwili, ukasikia kitu kidogo kama kikombe cha wali.

Miaka mingi baadaye uliondoka kwa homa ya uzee, ukiwa umekwisha kuunda vyombo vingine. Nami kadiri ninavyozeeka ndivyo ninavyozidi kukustaajabia. Siku ya harusi yangu niliwachungulia wewe na wanaume wenzako kwenye upenyo wa pazia. Sinia la pilau lilikuwa mbele yenu, linang'aa kwa samli, na wenzako wanakubembeleza kuwa siku ya binti yako haina miiko. Ulichukua kiasi chako, ukala polepole kwa raha, ukanawa mikono, ukaendelea kuzungumza nao. Wanawake walinishika kidevu wanigeuze uso wanipake wanja, nami sikutaka kugeuka. Bwana harusi alikuwa amekaa pale pale karibu yako, na mimi nilikuwa nakutazama wewe.

Pumzika katika rehema Zake, baba.

Binti yako, kitinda mimba wako