Hatua ya Kwanza ya Zaid

Sharpstown, Houston
19 Oktoba 1999

Kwa kaka yangu Abdulhafidh, Mombasa.

"Ana mwili wa kubebea magunia na mikono ya kufukuzia kuku, na washabiki wa timu yake mwenyewe wanamcheka." Hayo ni maneno ya binamu yetu Abdulghafur, aliyokuandikia kutoka Dallas kumhusu mwanao Zaid, nawe ukanisomea kwa simu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata shauri. Nimeyatanguliza mbele ya salamu kwa makusudi. Nisingeweza kukusalimu vizuri huku yamenikaa kooni.

Sasa assalaam alaykum, kaka. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo umepoa tangu uache kusimama dukani kutwa. Wifi yangu Nawal mpe salamu nyingi. Mwambie kanga zilifika, na moja nimejifunga nayo juu ya sare hapo kliniki, wagonjwa wakaniuliza leo ni sikukuu gani. Mimi sijambo. Zaid naye hajambo. Chuo chake si mbali na kwangu, na kila Alhamisi huja kula. Sufuria ya wali wa nazi ambayo mimi ingenitosha siku tatu, yeye huimaliza kisha akauliza kwa adabu kama kuna mkate. Joto la hapa halijaondoka ingawa tuko Oktoba. Tunamshukuru Mungu.

Nikirudi kwa Abdulghafur. Baada ya kunisomea barua yake ulisema kwamba huwezi kumpa radhi mtoto aliyekwenda Marekani kusoma akaishia kupigana na watu, na hata kupigana kwenyewe hajui. Nilinyamaza siku ile kwa kuwa kadi yangu ya simu ilikuwa inakwisha. Usidhani nilikubali.

Nilimpigia Abdulghafur nikamuuliza amekwenda kutazama mechi ngapi za Zaid. Akajibu kwamba hahitaji kwenda, anasikiliza redio ndani ya lori lake, na washabiki wanaopiga simu redioni ni watu wanaoujua mchezo tangu kuzaliwa. Nikamwambia kuwa hata mimi namjua daktari wa meno tangu kuzaliwa na sijawahi kung'oa jino la mtu. Akasema, "Dada Khairiya, wewe umeanza tena." Nikamwambia sijaanza, ndiyo kwanza navua viatu.

Wewe nawe, kaka, umeuhukumu mchezo huu wa mpira wa Kimarekani ambao hukuwahi kuuona, basi nikueleze. Timu mbili zinainamiana uso kwa uso. Mpira wenyewe, wenye umbo la yai, uko chini katikati yao. Ukiinuliwa tu, mtu mmoja wa timu pinzani anaupokea, anarudi nyuma na kutafuta mwenzake wa kumrushia. Huyo ni mrushaji, na sifa zote za mchezo huenda kwake. Zaid huinama pembeni mwa mstari. Kazi yake ni kumfikia mrushaji na kumwangusha kabla mpira haujamtoka mkononi. Baina yao husimama mzuiaji, jibaba la kilo mia na hamsini, aliyewekwa pale ili Zaid asipite.

Mwaka jana Zaid alikuwa na mbinu moja tu, kusukuma. Alimwegemea mzuiaji kifuani kama mtu anayesukuma gari lililozimika, na mara nyingi gari halikuwaka. Hilo nalikubali, maana nilikuwepo. Lakini Abdulghafur amekuandikia habari za mwaka jana na kutia tarehe ya mwaka huu. Wewe uliyecheza kirumbizi kwenye harusi za watu mpaka bwana harusi akasahaulika, utaelewa haraka kuliko wote wanaopiga simu redioni. Fimbo ya mwenzio huipigi ilipo. Unaipiga inapokwenda, na mwili wako umeshahama. Ndivyo afanyavyo mwanao sasa. Humwacha mzuiaji anyooshe mikono, akaigonga kwenye kifundo kwa kiganja, akainamisha bega na kupita chini ya kwapa lake. Mzuiaji hubaki amekumbatia hewa. Mbinu ya pili ingali mbichi. Hujifanya anakwenda nje, kisha hujizungusha ghafla kuingia ndani, na mara mojamoja hujizungusha kupita kiasi akajikuta anawatazama washabiki badala ya mrushaji. Nitakueleza na mabaya yake. Sina haja ya kumpamba.

Washabiki je? Washabiki ni wa aina mbili. Kuna Wamarekani wa kwenye intaneti, wasiotaja majina yao, ambao kila Jumapili huandika kwamba kijana huyu Mwafrika ana nguvu ila hana ufundi. Na kuna wetu sisi, Wakenya na Watanzania tunaokwenda uwanjani pamoja kwa magari manne, ambao kwa kweli ndio wabaya zaidi, kwa sababu wanampenda. Kiongozi wao ni Mogaka, Mkisii anayeuza magari yaliyotumika kule Sugar Land. Mogaka hununua tiketi kila mechi, huvaa jezi yenye namba ya Zaid, kisha humtukana kuanzia mwanzo hadi mwisho. "Zaid! Unangoja kadi ya mwaliko?" "Zaid, huyo si mkwe wako, mpite!" Watu wote wa safu yetu hucheka, nami hukasirika, na mke wake huniletea sambusa ili ninyamaze.

Kosa lao nalijua lilikotoka. Sisi tulilelewa na mpira wa miguu, tumezoea kuhesabu magoli. Mchezaji asiyefunga hajacheza. Kwa hiyo wanahesabu mara ambazo Zaid amemwangusha mrushaji, na zikiwa chache wanasema hajui. Hawaoni kwamba mrushaji, akimwona Zaid anakuja, hurusha mpira kabla hajawa tayari ukaangukia majani. Hawaoni kwamba tangu Septemba timu pinzani zinamwekea wazuiaji wawili. Nilimuuliza Mogaka mbele ya watu, mtu mwenye mikono ya kufukuzia kuku anawekewa walinzi wawili kwa sababu gani? Akasema labda walinzi wenyewe ni kuku. Safu nzima ikaangua kicheko, na mimi pia nilicheka, nakiri, lakini jibu halikuwa hilo na yeye anajua.

Jambo moja tu walisema kweli. Hatua ya kwanza. Mpira ukiinuliwa, Zaid alikuwa anachelewa. Kidogo mno, kama mtu anayemeza mate kabla ya kusema, lakini katika mchezo huo kidogo hicho ni kila kitu. Mikono yote mizuri ya dunia haifai kitu ukimfikia mzuiaji wakati amekwisha jipanga. Kocha alimwambia. Redio ilimwambia. Mogaka alimwambia kwa sauti ya kusikika mpaka mjini. Kocha alidhani ni macho, Zaid akapelekwa kupimwa, macho yake mazima. Kisha wakasema ni woga. Mimi nilimlea mtoto huyo tangu ana miaka kumi na mitano, na nilijua si woga wa watu.

Jumamosi iliyopita walicheza Fort Worth, na sote tuliendesha magari kupanda kaskazini asubuhi. Kaka, ungekuwepo! Mara ya kwanza mpira ulipoinuliwa Zaid aliondoka nao kana kwamba ulimvuta. Mzuiaji hakuwahi hata kunyanyua mikono. Mrushaji alirusha mpira kwa kubahatisha. Mogaka akasimama. Mara ya tatu akamwangusha mrushaji kwa ile mbinu ya mkono na bega, kwa usafi, Mogaka akanikumbatia akanimwagia soda. Kisha baada ya mapumziko, wakati muhimu kabisa, Zaid akaondoka kabla ya mpira. Refa akatupa kitambaa cha njano. Ni kosa, na timu yake ikaadhibiwa kwa kurudishwa nyuma. Washabiki wetu wakashika vichwa. Mogaka akapiga kelele kwamba mtoto wa watu amepitiliza, jana alikuwa kobe leo ni panya.

Mimi nilisimama peke yangu nikapiga makofi. Wamarekani wa safu ya mbele wakageuka kunitazama. Mogaka akawaeleza kwa Kiingereza kwamba huyu mama hajui sheria. Nazijua sheria zote, nimezisoma katika kitabu cha maktaba, na yeye hajasoma hata tiketi. Nilipiga makofi kwa sababu tangu Zaid aanze mchezo huu hajawahi hata mara moja kuondoka mapema. Mguu ule ulikuwa umefungwa, na sasa ulikuwa umefunguliwa kiasi cha kukosea.

Mwisho wakashindwa kwa pointi chache. Jumapili intaneti ikaandika kwamba hatimaye kocha amemfundisha Zaid kuondoka. Kocha hakumfundisha. Sasa nisikilize, kaka, maana haya ndiyo yaliyonikalisha mezani kuandika.

Alhamisi kabla ya mechi hiyo Zaid alikuja kula kama kawaida, na wali ukabaki. Nikamuuliza. Akaniambia hivi. Akiinama uwanjani akingoja mpira uinuke, huwaza: nikivunjika leo, nitavunjika bila radhi ya baba. Nawal, mama yake, alikwisha mradhia, na hilo analishika sana. Lakini wewe hujasema. Amekupigia simu mara nyingi na kila mara unazungumza habari za masomo, kisha unampa Nawal simu. Akasema hawezi kukulaumu, kwamba una haki yako. Akasema kuwa kwa sababu hiyo anataka kwanza kuona mzuiaji anakwenda wapi ndipo aondoke, asije akagongana naye vibaya. Na akasema msimu ukiisha ataacha, kwa kuwa haiwezekani kuendelea hivyo.

Umeona, kaka? Maelfu wanampigia kelele na hawamtingishi. Wewe umenyamaza Mombasa, na mguu wake ukaganda Texas. Abdulghafur anasema ni mtoto aliyepotea. Nionyeshe mtoto mmoja katika ukoo wetu anayemtii baba yake kwa kiasi hicho, akiwa mbali, mtu mzima wa miaka ishirini, asiyeonwa na yeyote. Wanao wengine ulio nao hapo nyumbani wanakuaga wakitoka?

Basi nilimwambia umemradhia. Nilimwambia kwamba ulinipigia Jumatano, kwamba ulisema, "Mwambie mwanangu acheze, nimemradhia." Hukusema hivyo. Nilisema mimi. Alitaka kukupigia papo hapo kukushukuru, nikamwambia umekwenda Lamu kwa shughuli za biashara mpaka mwisho wa mwezi. Aliinama akaubusu mkono wangu kwa ajili yako, kisha akamaliza wali.

Radhi si yangu kutoa, nalijua hilo vizuri kama wewe. Nimetoa kilicho chako. Sikuombi msamaha, wala sikuandikii nikitetemeka. Ningemwona tena ameinama vile, amefungwa mguu na mtu anayempenda, ningesema tena. Lakini nalijua jingine pia, nalo ndilo linaloniamsha alfajiri: akivunjika sasa, atavunjika akiamini neno ambalo hukulisema. Hilo siwezi kulirekebisha mimi. Wewe unaweza.

Najua barua hii itasomwa sebuleni kwa sauti, na kwamba utampigia Abdulghafur kumsomea, kama ulivyonisomea yake. Vizuri. Msomee na hapa. Abdulghafur, tarehe sita Novemba Zaid anacheza hapa Houston. Egesha hilo lori. Kiti kipo kati yangu na Mogaka. Njoo utazame mikono ya kufukuzia kuku kwa macho yako mawili, kisha uandike. Usipokuja, usiandike tena habari za mtoto huyu kwa yeyote.

Nawal, wifi yangu, Jumapili tarehe thelathini na moja, baada ya alasiri kwenu, simu italia, atakuwa Zaid. Nakuomba usiipokee. Nenda jikoni, nenda kwa jirani, nenda popote.

Barua hii nimempa mkononi Kalume, jirani yangu hapa, anaondoka keshokutwa kuja Mombasa, atakufikishia mwenyewe kwa hiyo usiseme ilichelewa. Wasalimie watoto wote, na shangazi zetu wa Kibokoni, na kila atakayeniulizia. Namwomba Mungu akupe afya, na mgongo usikusumbue, au angalau kiti cha karibu na simu kiwe rahisi kukalia.

Na wewe, kaka. Ukitaka kunikasirikia, nipigie mimi, nitakurudishia simu na kusikiliza mpaka utakapochoka, na safari hii nimenunua kadi kubwa. Zaid usimguse. Atakaposema "Shikamoo baba, ahsante," atangoja. Ukimwambia kwamba shangazi yake alisema uongo, ataamini, atatii, na ataacha siku hiyohiyo. Huyo ndiye mtoto unayemnyima. Usimwulize habari za masomo. Usimtafute Nawal. Pokea simu wewe, kwa mkono wako, na umwambie kwa kinywa chako kwamba umemradhia.

Ni mimi dada yako,
Khairiya